Meza Sita za Hoteli ya Faragha

Kitanda cha kwanza walichonionyesha kilikuwa na umbo la treni. Sisemi mchoro wa treni ubavuni. Nasema treni yenyewe, yenye bomba la moshi upande wa kichwani na ngazi ya kupandia, na mtu akijigeuza usingizini inapiga honi. Nina miaka hamsini na tisa na mgongo wangu hauna masihara. Nikamuuliza msichana aliyekuwa ananitembeza, "Na mtu mzima analala wapi?" Akanijibu kwa furaha kabisa kwamba watu wazima hulala behewa la nyuma.

Hoteli ya pili ilikuwa na kiboko wa plastiki chooni. Nilipokaa alifumbua macho akanipongeza. Nilitoka humo bila hata kuaga.

Nilikuwa nimetumwa. Kikundi chetu kinaitwa Jioni Njema, wanawake kumi na wawili, walimu wastaafu na manesi wastaafu, na kwa miaka minne tulikuwa tunapanga kwenda siku tatu Bustani ya Mawe. Ni ile bustani ya michezo iliyojengwa katikati ya majabali ya Singida, ambako treni zinapita juu ya vichwa vya watu kwa umeme wa upepo. Kamati ilikaa vikao vitatu, ikatoa masharti, ikanichagua mimi niende kwanza kukagua hoteli. Vitanda viwe vitanda. Choo kiwe cha kimo cha mtu na kinyamaze. Chai iwe imechemshwa pamoja na maziwa, si maji ya moto na kikaratasi pembeni. Na kusiwe na watoto.

Sharti hilo la mwisho lilikuwa la Felista. Felista ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, nesi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na sasa analea wajukuu wanne peke yake kwa sababu binti yake yuko ng'ambo kikazi. Siku ninaondoka alinisindikiza mpaka stendi akanishika mkono. "Tabitha," akaniambia, "nitafutie mahali ambapo kwa siku tatu sitasikia neno bibi. Siku tatu tu. Nisipopumzika mwaka huu mtanizika."

Wala hakuwa peke yake. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na sioni haya kusema kwamba watoto nilikuwa nimewachoka. Nimefuta kamasi za wilaya nzima. Kwa hiyo nilipofika hoteli ya tatu, nikaona ukumbi mtupu wa mawe, viti vya kimo cha watu na hakuna mdoli hata mmoja, niliomba Mungu iwe ndiyo hii.

*

Iliitwa Faragha. Aliyenipokea alikuwa kijana mtanashati aitwaye Remigi, aliyeniamkia kwa kuinama na kunipokea mkoba.

"Hapa hamna watoto?" nikamuuliza kabla sijakaa.

"Wapo, mama. Bustani ni moja, na njia ya kwenda kwenye treni inapita mbele yetu. Ila hutawaona."

"Sitawaona kwa vipi?"

"Kwa pazia, mama."

Akafungua kijisanduku. Ndani mlikuwa na chupa ya matone ya macho, punje moja ya sikio isiyozidi ukubwa wa dengu, na kandambili za kijivu. Alinielekeza huku ananidondoshea matone, na kwa kuwa nimezoea kuelekeza wenzangu nilimsikiliza kwa makini. Matone yanatambua umbo na uso wa mtoto, na pale alipo yanachora kile kilicho nyuma yake, ukuta kama ni ukuta, ua kama ni ua. Punje inachuja sauti za kitoto zote, kicheko, kilio, wimbo. Kandambili zinatetemesha wayo kidogo sana, miguu inapinda yenyewe, humgongi mtu na hujui kama umemkwepa.

"Na mtoto akinigusa?"

"Hawezi, mama. Kila mtoto ana bangili. Akipotelea upande huu, bangili inapiga kelele Kituo cha Watoto na walezi wanamfuata. Wakati huo wewe unakunywa chai."

"Wewe unawaona?"

"Na sisi wahudumu tunavaa." Akatabasamu. "Mhudumu akimkwepa mtoto, mgeni anajua hapo kuna mtoto. Inaharibu utulivu. Tena kwa kanuni zetu mtoto hatajwi mbele ya mgeni."

Matone yanakaa saa sita. Akitaka kuyatoa kabla ya hapo, mgeni anapewa matone ya kuoshea pale mapokezi na kusubiri nusu saa. Mwisho wa jaribio ningejaza fomu, na nikikubali, Jioni Njema wangekuwa na vyumba sita kuanzia mwezi unaofuata.

Niwe mkweli, maana wengi wakisimulia habari hii wananifanya mimi kuwa mwema tangu mwanzo. Niliipenda. Nilitoka nje nikakuta bustani imenyamaza, treni zinapita juu kwa mluzi mdogo, majabali yametulia, na watu wa rika langu wanatembea polepole wakiongea kwa sauti za chini. Bembea zilikuwa zinakwenda zenyewe, tupu, mbele na nyuma. Singida tuna upepo, kwa hiyo hata hilo halikunishangaza. Nilisema moyoni, Felista, nimepata.

*

Bustani ya hoteli ina meza sita zilizopangwa juu ya jabali bapa, na mbele yake kuna bwawa la maji ya chumvi. Bwawa lile halina upande wa maji mafupi. Limechimbwa kina cha mtu kuanzia ukingoni, kwa sababu aliyelichora hakutarajia mtoto.

Nilikaa meza ya sita. Chai ikaja, imeiva, ina maziwa na tangawizi, nikanywa kikombe kizima bila kusimama. Nilitaka kulia kwa raha.

Kitenge changu kikavutwa. Mara mbili, kwenda chini, kisha kikaachiwa.

"Upepo mdogo kutoka mashariki," punje ikaniambia sikioni kwa sauti ya upole. "Usijali."

Nikajifunga vizuri nikamimina kikombe cha pili. Kitenge kikavutwa tena, mara mbili, kikaachiwa. "Upepo mdogo kutoka mashariki." Mara ya tatu kilivutwa kwa nguvu zaidi, chai ikamwagika mapajani, na mimi niliyekuwa nimeahidiwa utulivu nikapandwa na hasira. Nikapiga mkono nyuma, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

Mkono uligonga kitu laini. Kilikuwa na vidole.

"Upepo mdogo," punje ikaanza, nikaing'oa sikioni nikaitupa kwenye sahani. Haikusaidia. Macho yangu bado yalikuwa ya hoteli, na jabali nililoliona lilikuwa jabali tupu. Remigi alikuwa ameniambia pia kwamba dawa ya punje inabaki sikioni nusu saa hata ukiitoa, na kweli sikusikia kitu, ila treni na vijiko vya wenzangu.

Mtoto wa darasa la kwanza hamwiti mwalimu. Darasani wako themanini, sauti yake haifiki popote. Anakuja kwa nyuma, anavuta sketi mara mbili kwenda chini, kisha anaachia na kusubiri, kwa sababu amefundishwa kusubiri. Akibanwa na haja anaisokota nguo. Akiumwa anaishika na haiachii. Akivuta mara mbili na kuachia, anasema, mwalimu, kuna jambo haliko sawa. Nimevutwa hivyo miaka thelathini na minne. Ningeweza kuutambua mvuto ule nikiwa nimelala. Siku ile nikaambiwa ni upepo, nikakubali, na aliporudia nikampiga.

Nilinyoosha mikono yote miwili nikapapasa hewa. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ameondoka, na mimi ndiye niliyemfukuza.

*

Kilichoniokoa ni maji. Juu ya jabali, kuanzia kwenye kiti changu, palikuwa na nyayo ndogo zilizolowa. Ng'ambo ya ukuta wa maua ndiko kiliko Kituo cha Watoto, na huko wana mabomba ya maji ya kuchezea. Huyu alikuwa ametoka huko amelowa chepechepe. Waliotengeneza pazia walijua kuficha mwili, nguo na sauti. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye mwili hawakuyafikiria.

Upepo ulikuwa unazikausha. Nikainama nikaanza kuzisoma haraka kabla hazijapotea, na kadiri nilivyosoma ndivyo damu ilivyonichemka.

Zilikuwa zimetoka kwenye ukuta wa maua moja kwa moja mpaka meza ya kwanza. Hapo palikuwa na dimbwi. Alisimama muda mrefu. Zikazunguka kiti upande huu, zikarudi, zikazunguka upande ule. Kisha zikaenda meza ya pili, zikasimama. Meza ya tatu. Ya nne, ambapo mzee mwenye kofia ya pama alikuwa anasoma. Ya tano, wanawake wawili waliokuwa wanacheka. Kila meza alama ya miguu miwili iliyoungana vizuri, visigino pamoja, kama wanavyosimama watoto waliofundishwa adabu. Meza ya sita ilikuwa yangu. Mtoto alikuwa amepita kwa watu wazima saba, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyegeuza shingo. Wa saba nilikuwa mimi, na mimi nilimpa kofi.

Kutoka kwangu nyayo zilikwenda ukingoni mwa bwawa. Zikakoma hapo.

Sijui kuogelea. Nilitazama maji na maji yalikuwa yametulia, lakini ningejuaje? Kama alikuwa anatapatapa mle ndani, ningeoneshwa maji yaliyotulia. Nikakaa palepale kwenye jabali, miguu nimeinyoosha, na nikatoa sauti yangu ya darasani, ile ya chini ambayo haimtishi mtu.

"Nani aliyekuwa ananiita? Mwalimu leo macho yake yanaumwa, haoni vizuri. Na masikio yake yanaumwa. Nimekukosea, mwanangu, nilidhani ni upepo. Njoo ukae na mimi. Ukinisikia, nishike kidole."

Nikanyoosha kidole na kusubiri. Sijawahi kusubiri hivyo tangu nizaliwe.

Kiganja kidogo, baridi, kikashika kidole changu.

Sikukivuta. Nilikishika taratibu, nikapandisha mkono mpaka begani, nguo imelowa, mpaka kichwani. Nywele zilikuwa zimesukwa. Msichana. Kimo kile na bega lile ni miaka sita, labda saba.

"Tutaongea kwa kiganja," nikamwambia. "Ukitaka kusema ndiyo, nipige kimoja. Ukitaka kusema hapana, viwili. Umenielewa?"

Kimoja.

"Umeumia?"

Viwili.

"Umepotea?"

Viwili. Nikarudia swali, nikidhani hakunielewa. Viwili, kwa mkazo.

Ndani ya mkoba wangu huwa nina chaki. Shule zimeacha chaki siku nyingi, naipata kwa fundi cherehani, ile ya bapa wanayochorea vitambaa, na Jioni Njema wananicheka kwamba nitazikwa nayo. Nikamwekea mkononi. Mbele ya macho yangu ikatoweka.

"Niandikie jina lako hapa chini."

Juu ya jabali jeusi, polepole, bila mkono wa mtu, zikaanza kuchomoza herufi. ATU.

"Vizuri sana, Atu. Sasa, kama hujapotea, mama yuko wapi?"

Akaandika tena. Aliandika kwa haraka na herufi ya pili ilikuwa kubwa kuliko zile nyingine. HAPA.

Kisha akauinua mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na kuuelekeza. Ulielekea meza ya kwanza, kwa mwanamke mwenye gauni la kijani, miguu ameiweka juu ya kiti cha pili, macho ameyafumba nusu na uso umejaa raha. Alikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa. Miguuni pake dimbwi lilikuwa bado halijakauka.

*

"Dada," nikamwambia, nikiwa nimesimama mbele yake na mkono wangu umeshika hewa. "Mtoto wako yuko hapa."

Akafumbua macho. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, amechoka kwa namna ninayoijua, ile isiyoondoka kwa usingizi wa siku moja. "Shikamoo, mama. Samahani?"

"Mtoto wako. Atu."

Akakaa vizuri. "Umemjuaje Atu?" Akatazama huku na huku, akachukua simu yake, akatabasamu kwa aibu. "Umenishtua. Yuko Kituoni, angalia." Palikuwa na kidoti cha kijani na maneno Yuko salama. "Nimemwacha saa mbili tu. Miaka sita sijakaa peke yangu saa mbili, mama yangu, usiniambie mambo hayo."

"Hicho kidoti ni bangili. Alikuwa anacheza maji, nadhani waliivua wakaitundika. Atu, walikuvua bangili?"

Kimoja kiganjani.

"Amesema ndiyo."

Yule dada alinitazama jinsi watu wanavyowatazama vikongwe walioanza kupoteza kumbukumbu. Na Remigi akawa ameshafika, anatabasamu, mkono umenyooka kunishika kiwiko.

"Mama, tafadhali, tusimsumbue mgeni. Kanuni inasema mtoto hatajwi. Kama ulihisi mvuto, ni upepo, wageni wengi wanauhisi siku ya kwanza."

"Wangapi?"

"Samahani?"

"Wageni wangapi wamewahi kuhisi huo upepo, Remigi?"

Akanishika kiwiko akanivuta kidogo, na vidole vya Atu vikaanza kuteleza mkononi mwangu. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia aniachie, nilimwambia kwamba mtoto huyu akinitoka mkononi mimi simwoni, yeye hamwoni, mama yake hamwoni, na nyuma yetu kuna bwawa walilolichimba kama kisima. Nilimwuliza kama ana mama. Nilimwuliza alipokuwa na miaka sita alimvuta nani nguo. Maneno mengine sitayarudia hapa. Walimu wastaafu wanajua matusi mengi kuliko watu wanavyodhani.

Remigi akaniachia. Alikuwa anatazama chini, kwenye jabali, ambako palikuwa pameandikwa HAPA.

Nikauchukua mkono wa yule dada bila kumwomba ruhusa nikauweka juu ya kichwa nisichokiona.

Alitaka kuutoa. Kisha vidole vikasimama. Vikaanza kutembea vyenyewe, vinafuata mstari mmoja wa msuko mpaka kisogoni, vinarudi, vinafuata wa pili. Mstari wa tatu, juu ya sikio la kushoto, vidole vikapinda.

"Hapa alichezesha kichwa," akasema kwa sauti ndogo. "Jana. Nikamwambia atulie, mstari utapinda. Hakutulia."

Akashuka kwenye kiti akapiga magoti. Akapapasa uso, mabega, nguo iliyolowa, kila mahali, haraka haraka, kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Atu. Atu, mama yupo. Ulikuja? Ulikuja hapa ukaniita?" Akainua uso kunitazama. "Ananijibu nini?"

"Mimi pia simsikii, dada."

"Analia?"

Nikamwongoza kidole mpaka shavuni.

*

Remigi alileta matone ya kuoshea mbio, akatudondoshea sisi wawili, akajidondoshea na yeye, kisha yeye na dada wakang'oa punje zao. Nusu saa. Tukakaa chini watatu, mama na mimi, mtoto katikati, kila mmoja ameshika mkono wake mmoja na hakuna aliyethubutu kuuachia. Dada aliniambia anaitwa Subilaga, wakili, anatoka Tukuyu, na mume hayupo. Aliniambia bila kuulizwa kwamba muda mfupi kabla yangu na yeye alihisi gauni likivutwa. Aliambiwa sikioni ni upepo, na akafurahi kuwa ni upepo. Hilo la kufurahi alilisema mara mbili. Sikumfariji. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta wa kunifariji.

Simu yangu ikaita. Felista.

"Umepata?" Sauti za simu dawa ya punje haizichuji, na nyuma yake nilisikia wajukuu wanagombania kitu, na mmoja anaita bibi, bibi, bibi.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, na kofi.

"Pole. Lakini Tabitha, sikiliza. Sisi hatutakuwa na mtoto hapo. Wa watu wana wazazi wao, wana walezi wao. Hiyo ni ajali ya bangili, watairekebisha. Kwani sisi tumekosa nini? Tumelea wetu, tumelea wa watu, na siku tatu tu, siku tatu, mtu asione hatia."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko kumtukana Remigi. Felista alikuwa ananililia na alikuwa na haki ya kulia. Ningeweza kunyamaza. Kitanda kilikuwa kizuri, chai ilikuwa imeiva, bangili zingerekebishwa. Na moyo wangu, pamoja na hasira zote hizo, ulikuwa bado unaukumbuka ule ukimya wa kikombe cha kwanza na kuutaka.

"Watu saba, Felista," nikamwambia. "Alipita kwa watu saba. Kupumzika nakutakia, tutakupumzisha, nitakuja kulala kwako mwezi mzima nikuogeshee hao wanne wewe ulale. Lakini humu siwaleti. Nikiwaleta humu, kesho mmoja wetu atavutwa nguo na ataambiwa ni upepo, na atafurahi."

"Kwa hiyo tunalala wapi?"

"Kwenye treni."

"Treni gani?"

"Nitakueleza. Usijigeuze tu usiku."

Akakata simu. Sikujua kama alikasirika au alicheka.

Kisha polepole, kati yangu na Subilaga, hewa ikaanza kuwa nzito, ikawa na rangi, ikawa gauni la manjano lililogandamana na mwili. Nilianza kuuona mkono nilioushika. Nyuma ya kiganja, palepale, palikuwa na mstari mwekundu mwembamba. Ulikuwa wa pete yangu ya ndoa.

Ndipo nikaona uso. Macho makubwa, pengo mbele, kamasi mpaka mdomoni. Alikuwa ananitazama kwa makini, anapima kama sasa namwona.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Kabla sijaitikia nikamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge.

"Nilikuamkia na mwanzo," akaniambia, bila lawama, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau dukani. "Nilikuamkia mara tatu. Hukuitikia."

"Na wengine je?"

"Niliwaamkia wote. Mama anasema ukitaka kumwomba mtu mzima akusaidie, kwanza unamwamkia. Akiitikia ndiyo unasema shida yako." Akafikiri. "Hakuna aliyeitikia. Kwa hiyo shida sikuisema."

Subilaga alijifunika uso kwa mikono.

Remigi alikuwa amesimama na ile fomu. Alikuwa anamwona na yeye sasa. Swali la kwanza liliuliza kama hoteli inafaa watu wazima.

"Andika hapana," nikamwambia. "Andika kwamba nimetafuta watu wazima humu ndani nikawakosa, kuanzia mimi."

Nikasimama. Nikamshika Atu mkono mmoja, mama yake akamshika mwingine, na tukaenda meza ya pili, kwa bwana aliyekuwa anakula embe kwa uma.

"Umeamkiwa," nikamwambia. "Itikia."

Akatazama pembeni yangu ambako kwake palikuwa hewa tupu. "Na nani?"

"Na mtoto. Amesimama hapa. Amekuamkia tangu muda ule na hujamjibu."

Alisema ataita uongozi. Meza ya tatu, mama mmoja aliziba masikio, masikio ambayo hayakuwa yanamsikia mtoto. Meza ya tano wale wawili waliacha kucheka, wakasema wamekuja kupumzika, kwamba hivi ndivyo watu wanavyoharibiwa likizo, kwamba mimi ni mgonjwa. Kila meza Atu aliunganisha visigino akasema shikamoo kwa sauti yake ile iliyokauka. Kila meza nikasubiri. Remigi alikuwa nyuma yetu na hakunizuia.

Meza ya nne niliirudia mwisho, maana mzee wa kofia ya pama hakuwa mezani tulipopita. Alikuwa amerudi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kitabu amekifunga kwenye kidole. Akatazama jabali miguuni pangu, ambako nyayo zilikuwa karibu zimekauka zote, zimebaki mbili za mwanzo, visigino pamoja.

Akasimama kwa taabu, kwa kushika meza. Akavua kofia.

"Marahaba," akaiambia hewa. "Marahaba, mjukuu wangu. Unasemaje?"

Alikuwa anatazama pasipo, hatua nzima upande wa kushoto wa mtoto. Atu alimtazama usoni, akatazama pale macho yake yalipokuwa yameelekea. Akatuachia mikono, akasogea hatua moja kushoto, akasimama hapo.